Njia ya Keya hadi Addis Ababa

Addis Ababa imekaa juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Aliyeitaka kutoka Kenya alikuwa na nyika ya kuvuka kwanza, kisha mito, kisha milima. Februari 1941, katika vita na Waitaliano waliokuwa wameiteka Ethiopia, jenerali Mwingereza Alan Cunningham aliishika njia hiyo na Waafrika Kusini, Wanigeria, watu wa Pwani ya Dhahabu, na askari wetu wa Keya (King's African Rifles).

Mogadishu ilitekwa tarehe 25. Waitaliano waliokimbia waliacha humo akiba kubwa ya petroli, na huenda petroli hiyo ilifanya kazi kuliko mizinga, maana bila hiyo malori yasingefika mbali. Wanigeria wakapigania mlango wa milima pale Marda, wakaingia Harar tarehe 26 Machi. Mbele, kwenye Mto Awash, madaraja yalikuwa yamelipuliwa. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya, ikauvuka hivyo hivyo. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikasalimu amri bila kupiganiwa. Jeshi lilikuwa limekwenda karibu kilomita 2,700 kwa siku 53.

Haraka hiyo ina sababu nyingine, ambayo vitabu vya Waingereza huipitia mbiombio. Waitaliano walishika miji na barabara, lakini milima ya Shewa, jimbo linaloizunguka Addis Ababa, haikuwa yao. Tangu mwaka 1936 wapiganaji wazalendo, Arbegnoch, akiwemo Ras Abebe Aregai, waliwanyima usingizi. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wao, Waitaliano waliua maelfu ya watu mjini Addis Ababa kwa siku tatu. Walionusurika wengi wakakimbilia porini kuongeza safu za wapiganaji. Kufikia 1941 Waitaliano wa Addis Ababa walimwogopa mwenye mji kuliko Mwingereza.

Hofu hiyo Cunningham naye aliijua. Mfalme Haile Selassie, aliyekuwa akija kupitia jimbo la Gojjam pamoja na afisa Mwingereza Wingate, alizuiwa asiingie upesi, eti raia wa Kitaliano wasije wakalipiziwa kisasi. Mwenye nyumba akangojeshwa mlangoni mwezi mzima. Aliingia tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu majeshi ya Kiitaliano ya Badoglio yauteke mji, akawataka watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya. Vita havikuishia hapo: Gondar, mji mwingine wa milimani, ulibaki mikononi mwa Waitaliano hadi tarehe 27 Novemba.