Mbwa Mkali Huwa na Hofu

Kila mmoja na ashike kalamu yake, maana mwishoni yako maswali.

Leo twasoma habari za mbwa. Labda utauliza, "Je, mbwa naye ana historia?" Naam, anayo, nayo yamfaa kila mwenye kufuga.

Twende Marekani, katika jimbo la Virginia. Mwezi wa Aprili, 2007, askari walipekua nyumba ya Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Walikuta mbwa zaidi ya 50, wengi wao wa aina ya pitibuli, yaani mbwa wenye misuli na taya za nguvu. Walifugwa ili wapiganishwe, watu wacheze kamari. Mbwa asiyejua kupigana aliuawa. Vick alikiri kosa, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akahukumiwa kifungo cha miezi 23.

Je, mbwa wenyewe wafanywe nini? Desturi ya siku hizo ilikuwa kuwaua. Watu wengi walisema, "Hawa hawabadiliki." Lakini safari hii iliamuliwa wapimwe kwanza, mmoja mmoja. Wapimaji waliwapa chakula, wakawagusa, wakawaonyesha wageni na mbwa wenzao. Wengi hawakuruka kuuma, bali walijibana chini wakitetemeka. Watu walitazamia ukali, wakakuta hofu. Ni mbwa mmoja tu aliyeuawa kwa sababu ya ukali, na 47 wakaokolewa.

Kati yao, 22 walipelekwa Kanab, katika jimbo la Utah, kwenye makao ya wanyama ya Best Friends. Mmoja wao, jike aliyeitwa Meryl, alikuwa mkali kwa wageni, hata mahakama ikaamuru asitoke pale maisha yake yote. Hata hivyo, aliwazoea watunzaji wake na kuwapenda.

Je, mbwa wa namna hii huzoezwaje? Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka saburi.

Kwanza, usimfuate. Kaa chini mbali kidogo, umpe ubavu, wala usimkazie macho. Mwache aje mwenyewe.

Pili, mtu yule yule amletee chakula saa zile zile kila siku. Mbwa akijua litakalotokea, hofu hupungua.

Tatu, usimpige. Fimbo humthibitishia kwamba aliogopa kwa haki.

Nne, akinguruma, rudi nyuma. Kunguruma ni onyo. Na ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali upesi, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Mbwa mwingine wa Vick, jina lake Jonny Justice, alipata nyumba huko California. Baadaye watoto waliokuwa wakijifunza kusoma waliketi naye, wakamsomea vitabu kwa sauti. Mbwa hamcheki msomaji anayekosea. Ndivyo yule aliyeogopwa alivyowaondolea wengine hofu.

Sasa jibuni maswali haya:

1. Mbwa wangapi waliokolewa?
2. Kwa nini ni vema kumpima kila mbwa peke yake?
3. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, yuko mbwa mkali? Anaogopa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.