Mkwaju wa tano: safari ya Aliou Cissé kutoka Bamako hadi Yaoundé

Februari 10, 2002, jijini Bamako, Mali, dakika 120 za fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) zilikwisha bila bao. Senegal na Cameroon zikaenda kwenye matuta. Mkwaju wa tano wa Senegal aliuchukua nahodha mwenyewe, kiungo mkabaji Aliou Cissé. Akifunga, timu zinalingana. Akikosa, kombe ni la Cameroon. Alipiga, golikipa Boukar Alioum akaupangua. Cameroon 3, Senegal 2.

Mwanasoka akikosa penalti ya namna hiyo, mara nyingi jina lake hubaki limefungwa pale pale. La Cissé halikubaki limefungwa, ingawa kulifungua kulichukua miaka 20.

Alizaliwa Machi 24, 1976, Ziguinchor, katika mkoa wa Casamance kusini mwa Senegal. Akiwa na miaka tisa alihamia Ufaransa na kukulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha Paris. Alianzia soka la kulipwa Lille, akapita Sedan, Paris Saint-Germain na Montpellier, kisha akavuka kwenda Uingereza kuzichezea Birmingham City na Portsmouth. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kukaba, kupora mpira na kuwaachia wenzake wenye vipaji vya kushambulia wafanye yao.

Miezi mitatu na nusu baada ya Bamako, kikosi kile kile chini ya kocha Bruno Metsu kilishuka dimbani Seoul, Mei 31, 2002, kufungua Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, bingwa mtetezi. Dakika ya 30, Papa Bouba Diop alifunga bao pekee. Afrika nzima ililala ikiimba Senegal. Simba wa Teranga walifika robo fainali, wakatolewa na Uturuki kwa bao la dhahabu.

Furaha hiyo haikumaliza mwaka. Septemba 26, 2002, meli ya MV Le Joola, iliyotoka Ziguinchor kwenda Dakar, ilipinduka katika pwani ya Gambia. Ilijengwa kubeba watu wapatao 580. Waliokufa walizidi 1,800, na walionusurika ni 64 tu. Cissé, aliyekuwa Birmingham, alipoteza ndugu kadhaa wa familia yake. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozika watu wa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na wa Spice Islander mwaka 2011, hatuhitaji kuelezwa msiba huo ulikuwaje.

Alipotundika daluga, alirudi kuwatumikia vijana wa nchi yake, akaifundisha timu ya chini ya miaka 23. Machi 2015 akakabidhiwa timu ya taifa, na penalti zikamfuata hadi kwenye benchi. Robo fainali ya AFCON 2017 nchini Gabon, Senegal ilitoka sare na Cameroon ile ile, zikaenda kwenye matuta. Mkwaju wa tano, safari hii wa Sadio Mané, ukaokolewa. Senegal ikaaga mashindano.

Kombe la Dunia 2018 nchini Urusi, alikuwa kocha pekee mweusi kati ya makocha 32. Senegal ilifungana na Japan kwa kila kigezo: pointi, mabao, hata mchezo wao wenyewe. Ikatolewa kwa sababu ilikuwa na kadi za njano 6 na Japan 4. Haikuwahi kutokea kabla yake.

AFCON 2019 nchini Misri, sisi wa Afrika Mashariki tulimwona kwa karibu zaidi. Aliifunga Taifa Stars ya Tanzania 2-0, akaifunga Harambee Stars ya Kenya 3-0, kisha akaitoa Uganda 1-0. Lakini makipa wetu waliacha alama yao: Patrick Matasi wa Kenya aliokoa penalti ya Mané, na Denis Onyango wa Uganda akaokoa nyingine. Senegal ilifika fainali, ikafungwa 1-0 na Algeria ya kocha Djamel Belmadi, aliyezaliwa Champigny-sur-Marne siku moja tu baada ya Cissé kuzaliwa Ziguinchor. Vijana wawili wa kitongoji kimoja, mmoja akaondoka na kombe.

Februari 6, 2022, ikawa zamu yake. Fainali ilichezwa Uwanja wa Olembe, Yaoundé, katika nchi ya watu waliomliza Bamako. Ilikuwa miaka 20 kasoro siku nne. Dakika ya 7 Senegal ilipata penalti dhidi ya Misri. Mané alipiga, golikipa Gabaski akaipangua. Dakika 120 zikaisha 0-0. Kwenye matuta, golikipa wa Senegal Édouard Mendy aliokoa mkwaju wa Mohanad Lasheen, ikabaki Senegal ifunge mmoja tu.

Mkwaju huo ulikuwa wa tano, na mpigaji alikuwa Mané. Mtu aliyekosa Gabon, aliyekosa mbele ya Matasi na Onyango, aliyekosa saa chache tu kabla ya hapo, ndiye aliyeachiwa ndoto ya taifa zima. Akafunga. Senegal 4, Misri 2, na kombe la kwanza la Afrika katika historia ya nchi hiyo. Rais Macky Sall alitangaza siku ya mapumziko, Dakar ikafurika barabarani.

Cissé aliifikisha Senegal 16 bora ya Kombe la Dunia 2022 nchini Qatar, akatolewa mapema AFCON iliyofuata, tena kwa matuta, na wenyeji Ivory Coast. Oktoba 2024 mkataba wake haukuongezwa, baada ya miaka zaidi ya tisa. Mwaka 2025 akaenda kuifundisha Libya.

Watamkumbuka kwa kombe, na ni haki yake. Mimi namkumbuka zaidi kwa mkwaju ule wa tano. Benchi la Senegal usiku ule wa Yaoundé lilikuwa na mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe kwamba aliyekosa jana bado anastahili kupewa mpira leo.