Namba Mbili wa Manungu

Same haina timu ya Ligi Kuu. Kijana anayeng'ara mjini, au kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima kule Upareni, ambako mpira ukitoka nje mtoto hutumwa kuufuata bondeni, akitaka kula kwa jasho la mpira hana budi kupanda basi. Wengi humwelekeza Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Historia ya Mecky Mexime inaonyesha njia nyingine, ya timu za viwanda vya sukari, ambako mtu aliingia beki akatoka mwalimu.

Mtibwa Sugar ni timu ya kiwanda kilichoko Turiani, mkoani Morogoro, na nyumbani kwake ni Manungu. Mwaka 1999 na tena 2000 wakata miwa hao walitwaa ubingwa wa Bara, vigogo wa Kariakoo wakabaki kutazamana. Mexime, namba mbili, yaani beki wa kulia, ni wa kizazi hicho. Alidumu Mtibwa, akawa nahodha, na Mbrazili Marcio Maximo alipokabidhiwa Taifa Stars mwaka 2006, kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwa beki huyo.

Alipotundika daluga hakwenda mbali. Alihamia benchi la ufundi pale pale Manungu na hatimaye akawa kocha mkuu. Januari 2015 aliifikisha Mtibwa fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar, ikafungwa na Simba kwa matuta. Wala hakuwa peke yake. Salum Mayanga, naye wa Mtibwa, aliifundisha timu hiyo kabla ya kukabidhiwa Taifa Stars mwaka 2017. Akafuata Zuberi Katwila, mchezaji mwingine wa zamani wa hapo hapo, aliyeipa Mtibwa Kombe la Shirikisho mwaka 2018 kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Klabu isiyo na fedha za kuagiza makocha ng'ambo iliwatengeneza wa kwake.

Mwaka 2016 Mexime alihama sukari kwenda sukari: Kagera Sugar, Wana Nkurukumbi, wanaocheza Kaitaba mjini Bukoba. Msimu wake wa kwanza timu ilimaliza ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba, naye akachaguliwa kocha bora wa Ligi Kuu. Kijana wake Mbaraka Yusuf akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi.

Siku inayokumbukwa zaidi ni Mei 19, 2018. Simba ilikuwa bingwa tayari, haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi, na Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Kagera walikuja kama wageni wa sherehe. Walijipanga nyuma, wakabana njia, wakasubiri. Dakika za mwisho Edward Christopher, aliyewahi kuvaa jezi ya Simba, akafunga. Simba wakapata penalti. Emmanuel Okwi akapiga, Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba vilevile, akaipangua. Ikaisha 1-0. Rais alikabidhi kombe, lakini hakuwaficha mabingwa kwamba mpira wao haukumridhisha.

Hata hivyo ukocha hauishi kwa siku moja. Msimu wa 2018/19 Kagera iliifunga Simba nyumbani na ugenini, na bado ikaangukia mchujo wa kubaki Ligi Kuu, ikaokoka mbele ya Pamba ya Mwanza. Timu inayojua kujilinda humkera mkubwa, lakini pointi za kila wiki hutafutwa kwa mabao, na hapo ndipo palipokuwa na njaa. Baadaye Mexime aliondoka Kagera, akarudi, kisha akafundisha Ihefu na Dodoma Jiji.

Kama kocha hajabeba ubingwa wa ligi. Lakini tangu alipoacha kucheza amekuwa akiitwa kazini, na katika ligi inayofukuza makocha kabla msimu haujafika nusu, hilo si dogo. Mzazi wa Same anayeuliza mpira utamfikisha wapi mwanawe akishavuka umri wa miaka thelathini na tano, miguu ikichoka, amwangalie huyu: ufundi wa beki, akiwa na timu ya kumlea, huwa kazi ya pili.