Chuma Mzee

Jumamosi mtaani kwetu huanza na mkokoteni. "Betri mzee! Chuma mzee!" Kwa kawaida hakuna anayeshughulika na huyo jamaa, labda tu mwenye sufuria iliyotoboka au jiko lililokatika miguu. Lakini mwezi jana binamu yangu alitoka mbio, akamfungulia geti na kumpeleka hadi chumba cha nyuma, kile ambacho tangu utotoni tunakiita "kwa mashine".

Ni chumba cha Mjomba. Ukutani kuna misumeno na koleo, kila moja kwenye msumari wake. Mezani kuna jiliwa kubwa la kubana vyuma, grainda, drili ya kusimama, na mkebe uliojaa skrubu zisizo na wenyewe. Katikati, chini ya gunia, kuna lethi. Mjomba aliinunua kwenye mnada miaka ya tisini, karakana alikokuwa akifanya kazi ilipofungwa.

Jamaa wa mkokoteni aliizunguka mara mbili, akaigonga na jiwe, akataja bei. Bei ya kilo. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda pale mlangoni na hakusema kitu.

Binamu si mtu mbaya, tuelewane. Mjomba ana mtoto wa jicho, siku hizi hasomi hata alama za rula. Lethi haijawashwa tangu mwaka jana. Chumba hicho kikitiwa bomba na vigae ni bedsita, na bedsita huleta kodi kila mwisho wa mwezi. "Hiyo ni uraibu tu," aliniambia. "Uraibu haulipi stima."

Neno hilo lilinikwama. Shuleni tuliandika insha: uraibu wangu ni kusoma, uraibu wangu ni kuogelea. Redioni, uraibu ni wa pombe na dawa za kulevya. Yaani kitu unachokipenda na kitu kinachokumaliza vimepewa jina moja. Nikaanza kusoma ili nijue: hiki kilichomshika Mjomba kilitoka wapi, na ni nani mwingine kiliwahi kumshika?

Tuanze na kazi yenyewe. Ukitumia drili, kinachozunguka ni chuma kinachokata, na kinachotobolewa kimetulia. Lethi hugeuza mambo. Kinachozunguka ni kile kipande unachokichonga, na kisu kinasogezwa kando yake polepole. Ndiyo maana kinachotoka humo huwa mviringo: mguu wa meza, ekseli, pistoni, skrubu.

Kiswahili kilikuwa na neno la kazi hii kabla ya stima kufika huku: kukereza. Mashine ni kerezo. Miguu ya vile vitanda vya zamani vya Lamu, yenye vifundo na mabonde kama shingo ya chupa, ilikerezwa. Mafundi wa majahazi nao walikuwa na keekee, drili isiyohitaji soketi, na kila sehemu yake ilikuwa na jina. Mti unaozunguka ni msukano. Kishikio cha juu ni jivu. Kinachouzungusha ni uta, ambao kamba yake imeviringishwa kwenye msukano. Ukivuta uta, chuma kinazunguka huku. Ukisukuma, kinarudi kule.

Kerezo za kale ziliendeshwa kwa ujanja huohuo wa kamba. Picha ya zamani zaidi ya kerezo inayojulikana imechongwa katika kaburi la Petosiris huko Misri, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Mmoja anavuta kamba, mwenzake ameshika chombo cha kukatia. Baadaye mafundi wa Ulaya walifunga kamba kwenye ufito unaonesa juu, wakaikanyaga kwa mguu chini, na hapo mtu mmoja akabaki na mikono yote miwili ya kazi.

Sasa, kati ya watu waliokereza kwa raha zao tu, bila kutafuta unga, waliovuma zamani ni wafalme. Peter Mkuu wa Urusi, aliyefariki mwaka 1725, alikuwa na karakana katika kasri lake na fundi wa kumsaidia, Andrey Nartov. Mashine zao bado ziko kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg. Mwaka 1701 mtawa Mfaransa, Charles Plumier, alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa ya kukereza. Mfalme Louis XVI wa Ufaransa naye alipenda kutengeneza kufuli. Mwaka 1793 walimkata kichwa, ingawa si kwa sababu ya kufuli.

Na kufuli ndiyo inayotuleta kwa Henry Maudslay.

Maudslay alizaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1771. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa kazini kwenye ghala la silaha, akijaza baruti kwenye risasi. Alipofika 18 akaajiriwa na Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli London. Kufuli ya Bramah ilikuwa ngumu kiasi kwamba moja iliwekwa dirishani na zawadi ya gini 200 kwa atakayeifungua bila ufunguo. Haikufunguliwa hadi mwaka 1851, na Mmarekani Alfred Hobbs, tena baada ya kuhangaika nayo siku kadhaa.

Shida ya Bramah ilikuwa kwamba vipande vya ndani ya kufuli vilitaka usahihi ambao mkono pekee hauwezi kuurudia mara mia. Maudslay akamtengenezea mashine za kuvikata. Akawa msimamizi wa karakana, akaoa, akapata watoto, kisha akaomba aongezwe mshahara. Alikuwa akilipwa shilingi 30 kwa wiki. Bramah akakataa. Mwaka 1797 Maudslay akaondoka, akafungua kibanda chake mwenyewe.

Huko ndiko alikohangaika na swali ambalo kwangu ndilo moyo wa hadithi hii yote. Ili ukate skrubu sahihi kwa mashine, mashine yenyewe inahitaji skrubu sahihi ndani yake, ya kusogeza kisu kwa mwendo usiobadilika. Sasa hiyo ya kwanza utaitoa wapi? Ni kama ofisi ikuambie kwamba ili upewe kitambulisho, kwanza uonyeshe kitambulisho.

Kabla ya hapo, bolti na nati yake zilikuwa kama mume na mke. Bolti ikipotea, nati haiingii kwingine. Maudslay hakuwa wa kwanza kujaribu kutatua hilo, na Nartov alikuwa ameshapiga hatua kubwa. Alichofanya Maudslay ni kuunganisha mambo katika mashine moja ya chuma: reli zilizonyooka, kishikio cha kisu kinachoteleza juu yake, skrubu ndefu ya kukisogeza, na gia za kubadilisha mwendo. Na zile skrubu za mwanzo? Ilibidi zitoke mikononi mwa mafundi. Zilipimwa, zikasahihishwa, kisha zikatumika kukata nyingine zilizo afadhali, nazo zikakata nyingine. Skrubu mbovu kidogo ikazaa isiyo mbovu sana. Mezani alikuwa na maikromita ambayo ilipewa jina la jaji mkuu, "Lord Chancellor", kwa sababu ikishasema, hakuna rufaa.

Lakini kazi hii nzuri ilikuwa na bei yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Maudslay na Marc Brunel waliweka mashine 45 bandarini Portsmouth za kutengeneza abedari, zile kapi zinazopitisha kamba za tanga kwenye manowari. Kufikia mwaka 1808 zilikuwa zikitoa abedari 130,000 kwa mwaka. Watu 10 wasio na ujuzi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Hesabu hiyo huandikwa vitabuni kama ushindi. Mimi niliposoma niliwaza wale 100. Mashine iliyoundwa na fundi aliyekataliwa nyongeza ya mshahara ilikuwa imeanza kuwatoa kazini mafundi wenzake.

Maudslay alifariki mwaka 1831. Kati ya vijana waliopitia mikononi mwake alikuwa Joseph Whitworth, aliyeeleza hadharani mwaka 1840 jinsi ya kupata bapa la chuma lililonyooka kabisa bila kuwa na kitu chochote kilichonyooka cha kuanzia. Unachukua mabapa matatu. Unapaka rangi moja, unalikandamiza kwenye jingine, na pale rangi inaposhika ndipo penye kilima, unakikwangua. Ukitumia mawili tu unaweza kudanganyika, kwa sababu moja likiwa na mgongo na jingine likiwa na bonde yatalingana vizuri sana. La tatu ndilo linalowaumbua. Ukiyabadilisha kwa zamu, moja kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa la kwanza, hakuna umbo linaloweza kukubaliana na yote ila unyoofu.

Mwaka 1841 Whitworth akapendekeza pia kwamba Uingereza nzima ikate nyuzi za skrubu kwa vipimo vimoja. Nyuzi hizo zilisafiri na milki yao hadi huku. Kwenye droo ya Mjomba kuna spana za Whitworth na spana za milimita, na ole wako uzichanganye.

Basi mafundi wa Portsmouth walipoteza kazi, lakini lethi yenyewe iliendelea kuwa ndogo na rahisi, hadi ikaingia nyumbani. Mwaka 1898, London, Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer kwa watu waliounda injini ndogo za mvuke kama kipenzi cha jioni. Hawakuwa wafalme hao. Mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kuwa na kibanda nyuma ya nyumba na lethi ya kukanyaga kwa mguu, akajenga treni inayotosha juu ya meza na inayokimbia kweli. Ule ujuzi ambao kiwanda kiliacha kuulipia, watu wakaanza kuufanya kwa kuupenda.

Mwaka mmoja baadaye, 1899, reli ya kweli ilifika Nairobi. Jiji letu lilianza kama kituo cha reli, na reli haiendi bila karakana, na karakana ya reli haiendi bila lethi. Mjomba alifunzwa kazi na mzee aliyefunzwa huko. Huo ndio ukoo wake, ukiniuliza.

Kuna Mmarekani mmoja wa Missouri, David Gingery, ambaye kuanzia mwaka 1980 aliandika vitabu saba vya kumfundisha mtu kujijengea karakana nzima ya chuma kutokana na vyuma vya kutupwa. Kitabu cha kwanza ni cha kuunda tanuri la mkaa la kuyeyushia alumini. Cha pili ni lethi: unamimina vipande vyake kwenye mchanga, unavikwangua hadi vinyooke, na ikishaanza kuzunguka unaitumia kumalizia sehemu zake zilizobaki. Wapenda mashine huko wanamheshimu karibu kama nabii.

Nilicheka. Mkaa, alumini, mchanga? Si ni sufuria hizo! Tembea Gikomba au Kamukunji uone. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyowatazama watu wa aina hii, na ndiyo iliyolivumisha duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Sisi tunawaita jua kali, kwa kuwa hawana paa. Kwa hiyo mtu akiyeyusha alumini kwa mkaa Missouri, ana uraibu. Akifanya hivyo Kamukunji, si rasmi. Tanuri ni lilelile; tofauti ni kama kodi ya nyumba imeshalipwa au la.

Na Mjomba ni yupi kati yao? Kwa lethi ile ametengeneza bushi za mashine za posho za watu wa soko, akalipwa. Ametengeneza pia gurudumu la baiskeli ya magurudumu matatu ya binamu huyuhuyu anayetaka bedsita, bila kulipwa. Zote zilitoka mashine moja, pengine siku moja.

Siku ile jamaa wa mkokoteni alipotaja bei mara ya pili, Mjomba alisimama. Akasema, "Rudi baada ya mwezi." Binamu akanyamaza, si rahisi kubishana na babako mbele ya mgeni. Kisha mzee akafungua droo, akatoa tupa na kipande cha chuma kinachotoshana na pakiti ya kiberiti, akanikabidhi.

"Umekuwa ukiniuliza maswali ya vitabu," akasema. "Nyoosha hiki. Upande mmoja tu. Ukiweza, tutaondoa gunia."

Mikono yangu ni ya kibodi, nakiri. Wiki ya kwanza nilipata malengelenge. Ya pili nilidhani nimemaliza, nikampelekea. Hakukitazama, maana macho hayo hayangemsaidia. Alipitisha kidole gumba juu yake mara moja, kutoka huku hadi huku, akanirudishia.

"Kina mgongo," akasema.

Imebaki Jumamosi moja. Binamu amekuja leo na fundi wa bomba, wamepima ukuta kimyakimya na kuondoka. Mimi niko kwenye jiliwa na tupa yangu. Nimepaka chuma wino wa kalamu na kukisugua juu ya kioo, kama Whitworth, nione penye kilima. Kilima kimepungua. Bado kipo.