Darasa la Jioni la Bwana Brown

Tarehe 30 Desemba 1977, stesheni ya London Weekend Television ilionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa vichekesho uitwao Mind Your Language, uliotungwa na Vince Powell. Kisa chake ni chepesi. Mwalimu Jeremy Brown anasomesha Kiingereza, nyakati za jioni, watu wazima waliohamia London: Mtaliana, Mgiriki, Mchina, Mjapani, Mpakistani aitwaye Ali, Kalasinga aitwaye Ranjeet, na Jamila, bibi wa Kihindi asiyetua sindano zake za kufuma. Kutoka pwani yetu hakuwamo hata mmoja. Hata hivyo, katika nyumba za jamaa zetu waliotawanyika baada ya 1964, siujui mchezo uliopendwa kuliko huo.

Wajukuu hutuuliza tulikuwa tukicheka nini, na swali lao lina haki. Michael Grade, mmoja wa wakuu wa stesheni hiyo, ndiye aliyeukatisha mwaka 1979, baada ya vipindi 29, kwa kuona kuwa unawafanyia wageni dhihaka. Nami sitasema kuwa haikuwamo dhihaka. Kila mtu mle amepewa kilema kimoja cha taifa lake, akakibeba tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho.

Lakini watazameni wachezaji wenyewe. Ranjeet alikuwa Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Yule Mchina, Pik-Sen Lim, alitoka Penang. Mgiriki alikuwa Kevork Malikyan, Muarmeni aliyezaliwa Uturuki. Wote walikuwa wahamiaji waliokisema Kiingereza fasaha, wakapata riziki kwa kujifanya hawakijui. Hali kadhalika Manuel, mtumishi wa Kihispania katika Fawlty Towers ya BBC: aliyemwigiza, Andrew Sachs, alizaliwa Berlin mwaka 1930, akafikishwa Uingereza akiwa mtoto, familia yake ikiwakimbia Manazi.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikwenda darasa kama hilo jioni mbili kila wiki. Mpaka anafariki alimwita mumewe “she”, kwa kuwa kwetu “yeye” ni mmoja, awe mume au mke. Dukani kosa hilo lilichekwa, naye akanyamaza safari nzima ya kurudi nyumbani. Kwa Bwana Brown mambo yaligeuka: wakosaji walikuwa kumi, Mwingereza mmoja, na aghalabu aliyetoka na kichwa kumuuma ni yeye. Nadhani hilo ndilo lililomvuta shangazi. Jamila hakumcheka kamwe, alikuwa akimhimiza, “Sema mwanangu, sema!”

Tena sisi si wageni wa mzaha wa lafudhi. Nchini Kenya, Benson Wanjau, Mkikuyu, alipendwa miaka mingi katika Vitimbi kwa jina la Mzee Ojwang, akikizungumza Kiswahili kwa matamshi ya Kijaluo. Wazee wetu wa pwani, ambao Kiswahili cha bara kiliwachekesha siku zote, walikuwa wa mwisho kuona ubaya. Tofauti, kwa rai yangu, ni hii: Mjaluo na Mkikuyu walikuwa wakicheka katika lugha ambayo wote wawili walijifunza. Huku London lugha ina mwenyewe, na ndiye mwenye stesheni.

Zilipokuja video, kanda zilirekodiwa na kusafiri ndani ya masanduku ya nguo hadi Mombasa, Dubai na Maskati. Leo vipindi hivyo hupatikana katika simu, na vijana hutazama dakika mbili wakaacha.

Tulipogawana vitu vya shangazi nilichukua kanda moja. Kwenye jalada lake ameandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu, nzuri na zilizonyooka, mwandiko ambao hakuna mwalimu wake wa London aliyepata kuuona: “Darasa la jioni. Usifute.”