Treni ikikabidhiwa mwekezaji, nani anamwangalia? Tuliyojifunza kwenye mkataba wa TRL

Kila linapozuka suala la kuwakaribisha watu binafsi kuendesha treni, simu za studio hazipumziki. Wapo wanaosema mwekezaji aje hata kesho. Wapo wanaokumbusha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Swali ambalo huulizwa mara chache ni la katikati: akija, nani atakuwa anamwangalia, na atamwangalia kwa kutumia nini?

Kwa msikilizaji wa Itigi, Malongwe, Urambo, Kaliua au Uvinza hili ni jambo la nyumbani. Treni ya Reli ya Kati ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali ya mkoa na mwanafunzi shuleni, na ndiyo inayoshusha asali na mahindi mjini. Isipokuja, wa Dar es Salaam atapanda basi. Wa kijiji ambacho barabara yake hukatika masika hana pa kwenda.

Makala haya yanarudi kwenye mkataba tulioujaribu wenyewe, wa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, ulioanza mwaka 2007.

Mkataba ulivyokuwa

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Ni takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tawi la Mwanza, linaloanzia Tabora, lilikamilika wakati wa Waingereza mwaka 1928. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, sehemu yetu ya reli ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Shirika lilichakaa, na miaka ya 2000 serikali ikaamua kutafuta mbia.

Sheria ya Reli ya mwaka 2002 iligawa kazi. Njia yenyewe ya reli, madaraja na ardhi vikabaki mali ya umma chini ya kampuni iliyoitwa RAHCO. Kuendesha treni kukawekwa upande wake. Aliyeshinda zabuni ni RITES ya India, na TRL ikazaliwa: RITES wakiwa na asilimia 51 ya hisa, Serikali ya Tanzania asilimia 49. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Kazi ilianza rasmi Oktoba 2007.

Hapa nina neno dogo la pembeni. Mitaani tuliita ule ubinafsishaji, lakini RITES yenyewe ni kampuni ya serikali ya India, iliyo chini ya wizara yao ya reli. Kwa hiyo anayeitwa "mtu binafsi" kwenye mikataba ya namna hii si lazima awe tajiri fulani. Anaweza kuwa shirika la umma la nchi nyingine. Kwa abiria aliyeketi stesheni tofauti hiyo si kubwa. Kwa yule wa kuangalia mkataba ni kubwa, maana lazima ajue fedha zinaelekea wapi.

Hesabu za miaka 25 zilikuwa zifike mwaka 2032. Hazikufika. Mwaka 2008 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na serikali, mbia mdogo, ikalazimika kutoa fedha za umma kuwalipa. Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko ya Kilosa yaliharibu vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe, na huduma ikakatika kwa miezi kadhaa. Bungeni kelele za kuvunja mkataba zikazidi. Mwaka 2011 serikali ilinunua hisa za RITES na TRL ikarudi yote mikononi mwa umma. Baadaye Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha tena TRL na RAHCO, likarudi jina la zamani, TRC.

Watu wengi wakisimulia habari hii humalizia hapo: mwekezaji alishindwa, akaondoka. Mimi naona somo lenyewe liko kwenye mambo mawili ambayo hayasimuliwi sana.

Kofia nyingi kwenye kichwa kimoja

La kwanza ni nafasi ya serikali. Chini ya mkataba ule serikali ilikuwa mbia mwenye asilimia 49 ya TRL. Ilikuwa pia mwenye njia ya reli kupitia RAHCO. Ilikuwa na mdhibiti, SUMATRA, aliyetakiwa kusimamia usalama na nauli. Juu ya wote ilikuwapo wizara. Sasa fikiria injini imeharibika na treni imelala porini siku nzima. RAHCO ikitaka kumbana TRL, inaibana kampuni ambayo karibu nusu yake ni ya mwajiri wake mwenyewe. SUMATRA ikitoza faini, karibu nusu ya faini ile inatoka mfuko uleule wa umma. Na TRL nayo inaweza kujibu kwamba tatizo ni njia mbovu, na njia si yake.

Sisemi watumishi wa taasisi hizo hawakujali. Nasema mpangilio wenyewe uliwafanya watazamane. Kwenye kijiji, kisima kikiwa na wasimamizi wanne ambao kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye ufunguo, pampu itaharibika tu.

La pili ni vichwa vya treni. TRL ilikodi vichwa na mabehewa kutoka India, kwa RITES wenyewe. Yaani mbia mkubwa wa kampuni alikuwa pia ndiye anayeikodisha mitambo. Wabunge na wafanyakazi walilalamika kwamba vifaa vile vilikuwa vikuukuu. Tuyaache malalamiko, tuangalie hesabu tu. Kampuni ikipata hasara, wenye hisa wanagawana hasara hiyo. Lakini kodi ya kichwa cha treni ni deni: kampuni inadaiwa hata ikiwa na hasara. Kwa hiyo mbia mmoja ana njia ya kupata chake nje ya faida, na mwenzake hana. Mkaguzi yeyote akikutana na mkataba wa hivyo huuliza mapema: bei ya kukodi ilipangwa na nani, ililinganishwa na soko gani, na nani alikikagua kile kichwa kabla hakijapakiwa melini?

Maswali hayo yanafaa kuulizwa siku ya kusaini. Yakiulizwa baada ya mgomo yamechelewa.

Kwa nini abiria huwa wa mwisho

Treni ya abiria ya masafa marefu, hasa daraja la tatu, kwa kawaida hailipi gharama zake. Nauli ikipandishwa hadi ilipe, mwananchi hawezi kupanda. Mwendeshaji anapata fedha kwenye mizigo. Basi vichwa vikiwa vichache, mtu wa biashara atavielekeza kwenye mabehewa ya mizigo, na safari ya abiria itapunguzwa kutoka mara tatu kwa wiki hadi mbili, halafu moja. Hajavunja heshima ya mtu. Anafuata hesabu yake.

Dawa yake inajulikana na hutumika nchi nyingi: serikali inanunua huduma ya abiria waziwazi. Mkataba unasema safari ngapi kwa wiki, mabehewa mangapi, visimamo vipi, na serikali inalipa kiasi fulani kwa kila safari iliyofanyika kweli. Isiyofanyika hailipwi, au inakatwa. Hapo msimamizi anapata kitu cha kushika. Bila hivyo, "kutoa huduma bora kwa abiria" ni maneno ya kupamba karatasi.

Majirani zetu waliligusa hili. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi Rift Valley Railways reli yao, nayo kwa miaka 25. Mizigo ilihusu nchi zote mbili, ila abiria walikuwa upande wa Kenya tu, na kwa kipindi kifupi kuliko mkataba wenyewe. Jambo jingine la kuangalia pale ni wenye hisa. Aliyeongoza mwanzoni alikuwa Sheltam ya Afrika Kusini, na baadaye usukani ukashikwa na Citadel Capital ya Misri. Unasaini na huyu, kesho unajibiwa na yule. Nao mkataba huo ulivunjwa, mwaka 2017 upande wa Kenya na Uganda ikafuata.

Kipimo nacho kinaweza kudanganya

Msidhani basi kwamba mkataba wenye vipimo ndio umemaliza kazi. Mji wa Melbourne, Australia, treni zake za abiria zinaendeshwa na kampuni kwa mkataba, na takwimu za kuwahi na kuchelewa hutangazwa kila mwezi kwa kila mtu. Ni jambo zuri sana. Lakini kanuni ilisema treni imewahi ikifika kabla ya kutimiza dakika 5 za kuchelewa. Ikatokea treni iliyochelewa inaruka vituo vya njiani ili ifike mwisho ndani ya muda. Kwenye karatasi imewahi, na abiria wa vituo vilivyorukwa wamebaki jukwaani wakiitazama ikipita. Waliofichua mchezo huo ni abiria wenyewe waliopiga kelele, na mkataba mpya wa mwaka 2017 ukaweka masharti ya kuudhibiti.

Kwa reli yetu hilo lingekuwa baya zaidi. Treni kuwahi Kigoma hakumsaidii mtu wa stesheni ndogo ambako haikusimama. Ndiyo maana kipimo chetu lazima kihesabu kila stesheni, si mwisho wa reli peke yake.

Mwananchi anashika wapi?

Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia serikali na vyombo vyake. Ibara ya 143 inaweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Ripoti zake hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi na kisha huwekwa mezani bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili. Baada ya hapo ni za wazi. Zinapatikana kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na simu yenye bando dogo inatosha kuzipakua. Usisome yote. Nenda kwenye ripoti ya mashirika ya umma, tafuta neno "reli".

SUMATRA haipo tena. Tangu mwaka 2019 kazi yake ya usafiri wa nchi kavu iko LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Pembeni yake kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo ni la abiria. Wengi hawalijui. Nauli inapotaka kupandishwa, LATRA huitisha mikutano ya kupokea maoni, na huko ndiko pa kusema kwamba nauli mpya iende na idadi ya safari.

Kuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Sheria ina milango ya kutokea, mmojawapo ni maslahi ya kibiashara, na mikataba mingi hujificha hapo. Hivyo usiombe "mkataba wote". Omba kidogo na kwa jina: idadi ya safari za abiria zilizopangwa na zilizofanyika kati ya tarehe fulani na fulani, kwa stesheni yako. Hiyo ni vigumu kuiita siri ya biashara.

Niseme na la kwetu redioni. Tunapokea ujumbe mwingi wa "treni haikuja". Tunausoma hewani, watu wanaguna, basi. Siku moja msikilizaji alitutumia picha ya daftari la shule ambalo mwanawe alikuwa amechora mistari minne: tarehe, treni ya wapi, saa iliyotakiwa, saa iliyofika. Wiki saba mfululizo. Tulipompigia ofisa kumhoji, mazungumzo hayakufanana na ya siku nyingine, kwa sababu safari hii hatukuuliza "mbona treni zinachelewa?" Tuliuliza kuhusu Jumanne ile.

Kama stesheni yako ina watu wawili watatu walio tayari kuandika daftari la namna hiyo, anzeni sasa, hata kabla mwekezaji hajaja. Mkataba mpya ukiletwa, itatakiwa kujulikana huduma ilikuwaje siku alipoikuta. Tunzeni tiketi pamoja na daftari. Piga picha kila ukurasa ukijaa, maana panya na mvua havina subira, na nakala moja iachwe kwa mtendaji wa kijiji.