Sanduku la gitaa: kinga ya mbao tangu reli ya Katanga hadi kambi za leo

Familia inapokimbia vita, hubeba kwanza watoto, kisha sufuria, godoro na makaratasi. Lakini kati ya watu wanaotembea barabarani huonekana pia kijana mwenye gitaa la kwaya mgongoni. Gitaa hilo likiponea risasi na wezi, linabaki na maadui wawili wasiopiga kelele: joto na unyevu. Na maadui hao wamelifuata tangu lilipoingia Kongo.

Gitaa lilifika kwa njia mbili kubwa. Upande wa magharibi lilipitia bandari ya Matadi, mahali ilipoanzia reli ya kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliyomalizika mwaka 1898. Upande wa kusini, reli iliyotoka Afrika ya Kusini kupitia Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilivuta wafanyakazi kutoka kila pembe, nao wakakutana na gitaa katika miji ya migodi.

Hapo ndipo mbao ilipoanza kuteseka. Gitaa nyingi zilizouzwa katika miji hiyo zilitengenezwa mbali, katika hewa nyingine. Kinshasa ina unyevu karibu mwaka mzima. Katanga ni nchi ya juu: mvua nyingi kati ya Novemba na Machi, kisha kipwa cha miezi mingi, usiku wa baridi mwezi wa 6 na wa 7, na hewa kavu sana kufikia Agosti. Gitaa moja huvimba na kusinyaa ndani ya mwaka mmoja.

Katika hewa hiyo, mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi. Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa na gitaa moja tu la mbao, bila umeme, na vidole vyake. Nyimbo hizo za Kiswahili zilifika mbali kuliko reli yenyewe. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa alilojitengenezea. Chombo cha namna hiyo kikivunjika, mtoto hutengeneza kingine. Gitaa la dukani likipasuka, kwaya hukaa miaka bila gitaa.

Wazungu walilijua tatizo hilo mapema. Katika karne ya 19, gitaa za Christian Frederick Martin, fundi Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833, zilibebwa katika masanduku mazito ya mbao. Watu waliyaita majeneza kwa sababu ya umbo lake. Uzito huo ulikuwa na faida: ubao mnene hupasha moto na kupoa polepole.

Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka. Sanduku haliondoi joto wala unyevu. Linachelewesha mabadiliko. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyatoa, ikitanuka na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mabadiliko ya polepole huvumilika. Ya ghafla hupasua ubao wa mbele au kubandua daraja linaloshika nyuzi. Mafundi hupendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Gitaa lililokauka hujulisha: ncha za vyuma vya shingoni huanza kukwaruza mkono. Lililolowa huvimba tumbo, na nyuzi hupanda juu.

Anayechagua apime kwanza mahali anapoishi na njia anayopita. Mfuko wa kitambaa ni mwepesi na huzuia vumbi, lakini joto hupenya haraka. Wenye sponji nene ni bora. Sanduku la karatasi ngumu huharibika likilowa. Lile la tripleksi ni zito, lakini huchelewesha joto na unyevu vizuri, na fundi wa mbao anaweza kulitengeneza. La plastiki ngumu lenye mpira kwenye mdomo hushinda mvua, ila likifungwa na gitaa lenye unyevu, unyevu huo hubaki ndani. Rangi nyeusi juani huwaka kama sufuria.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aweke gitaa ndani na kutikisa: lisicheze, na shingo ipate mahali pa kulala. Kisha aweke simu yenye taa inayowaka ndani, afunge, na kutazama gizani. Mwanga unapotoka, hewa nayo hupita hapo.

Kwa familia zilizohama, safari yenyewe ni mtihani. Anayetoka Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akishuka Uvira na kuvuka hadi Burundi, anaingia katika joto lingine siku hiyohiyo. Afikapo, aache sanduku limefungwa kwa saa kadhaa kabla ya kulifungua. Chini ya hema la plastiki, mchana ni tanuri na usiku ni baridi. Sanduku liwekwe juu ya mbao au matofali, mbali na moto na mbali na plastiki ya hema, likiwa limefunikwa blanketi. Nyuzi zilegezwe kidogo. Wakati wa mvua, vifuko vidogo vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vinasaidia. Wakati wa kipwa, sponji iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, hurudishia mbao unyevu. Isiguse gitaa.

Asiye na pesa ya sanduku bado ana blanketi, kivuli na uangalifu. Kambini gitaa halinunuliwi upya kwa urahisi. Likipasuka, watoto waliolala wakisikia kwaya ya kijijini kwao hupoteza sauti moja zaidi ya nyumbani.